Kutoka Frankfurt hadi Wembley: Jupp Heynckes na Usimamizi wa Wachezaji Nyota

Desemba 1994, siku moja kabla ya mechi ya ligi, kocha wa Eintracht Frankfurt aliona wachezaji wake watatu wanategea mazoezini. Akawaamuru wakimbie mbio za ziada. Kesho yake wote watatu walisema hawako katika hali ya kucheza, na klabu ikawasimamisha.

Hawakuwa wachezaji wa kubahatisha. Anthony Yeboah wa Ghana alikuwa ameongoza kwa mabao katika Bundesliga misimu miwili mfululizo, kila mara akifungana na mchezaji mwingine, na alikuwa amevaa kitambaa cha unahodha. Jay-Jay Okocha wa Nigeria ndiye yule aliyewachezesha kipa Oliver Kahn na mabeki wa Karlsruhe Agosti 1993, akiuvuta mpira huku na huku ndani ya boksi mpaka wakagaagaa chini, ndipo akafunga. Wa tatu, Maurizio Gaudino, alikuwa kiungo wa timu ya taifa ya Ujerumani. Yeboah akaishia Leeds, Gaudino akapelekwa Manchester City kwa mkopo, Okocha akarudishwa kikosini. Aprili 1995 kocha naye akaondoka.

Kocha huyo ni Jupp Heynckes. Makala hii imemchagua kwa sababu mtu huyo huyo, akiwa na miaka 68, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipa klabu ya Ujerumani ubingwa wa ligi, Kombe la Ujerumani na Ligi ya Mabingwa Ulaya katika msimu mmoja. Ujuzi wake wa mpira ulionekana mapema. Kilichokomaa baadaye ni namna ya kuishi na wachezaji, na hapo ndipo makocha wana mengi ya kuchota kwake.

Alizaliwa Mönchengladbach tarehe 9 Mei 1945, siku moja tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha Ulaya, mtoto wa tisa kati ya kumi wa fundi mhunzi. Alijifunza kazi ya kupiga lipu kabla mpira haujamlipa. Mwaka 1964 alijiunga na Borussia Mönchengladbach, na ukiacha miaka mitatu aliyokuwa Hannover, maisha yake yote ya uchezaji yalipita hapo. Alifunga mabao 220 katika mechi 369 za Bundesliga, akatwaa ubingwa mara nne, na alikuwemo katika vikosi vya Ujerumani Magharibi vilivyochukua Ubingwa wa Mataifa ya Ulaya 1972 na Kombe la Dunia 1974. Katika fainali ya Kombe la UEFA ya 1975 alikosa mechi ya kwanza dhidi ya Twente, iliyokwisha bila bao, kwa kuwa alikuwa majeruhi. Katika mechi ya marudiano kule Enschede alirudi na kufunga matatu peke yake. Gladbach ikashinda 5–1.

Mechi yake ya mwisho ya ligi, tarehe 29 Aprili 1978, iliisha kwa Gladbach kuifunga Borussia Dortmund 12–0. Heynckes alifunga mabao matano. Hata hivyo ubingwa ulikwenda Köln kwa tofauti ya mabao matatu.

Mwaka 1979, akiwa na miaka 34, alikabidhiwa timu hiyo hiyo. Alikuwa mkali, mwenye kudai nidhamu, na uso wake ulikuwa ukiiva wekundu kiasi kwamba alibandikwa jina la kampuni ya balbu, Osram. Alikaa miaka minane bila kombe. Kisha akiwa Bayern München alitwaa ubingwa wa 1989 na 1990, lakini klabu ikamtimua Oktoba 1991, uamuzi ambao Uli Hoeneß, meneja wa klabu, alikuja kuutaja kuwa kosa lake kubwa kuliko yote. Baada ya Bilbao, Frankfurt na Tenerife, alitua Real Madrid na kuipatia ubingwa wa klabu za Ulaya wa 1998, wa kwanza baada ya miaka 32, kwa bao la Predrag Mijatović dhidi ya Juventus. Madrid ilikuwa imemaliza ya nne kwenye ligi, na kombe halikumwokoa: akaachwa.

Aliporudi Gladbach mwaka 2006 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Vitisho vya kuuawa vilimfuata na Januari 2007 akajiuzulu. Wengi waliona safari yake imefika mwisho.

Ndipo ikaja Leverkusen, 2009 hadi 2011. Pale alimlea Toni Kroos, kijana aliyekopeshwa na Bayern, na timu ikacheza mechi 24 za mwanzo wa msimu wa 2009/10 bila kufungwa. Kocha aliyerejea Bayern mwaka 2011 alikuwa mtulivu zaidi, mwenye kuzungumza na mchezaji mmoja mmoja.

Jaribio kubwa lilikuja Aprili 2012. Wakati wa mapumziko ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid, winga Franck Ribéry alimpiga winga mwenzake Arjen Robben kwa sababu ya mpira wa adhabu. Ribéry alitozwa faini akaomba radhi. Wote wawili walibaki kikosini, na Bayern ikafika fainali. Ukilinganisha na Frankfurt, kosa hili lilikuwa zito kuliko kutegea mazoezi, lakini safari hii nyota hawakupotezwa.

Fainali yenyewe, nyumbani München, ilikwenda kwa Chelsea kwa penalti, na kabla ya hapo Robben alikosa penalti katika muda wa nyongeza. Msimu ule Bayern ilikuwa ya pili katika kila kombe kubwa. Kwa msimu uliofuata Heynckes alisisitiza anunuliwe kiungo Javi Martínez kwa euro milioni 40, na akawafanya mawinga wake wawili wakubali kurudi nyuma kukaba. Bayern ilimaliza ligi ikiwa na pointi 91 na mabao 18 tu ya kufungwa. Barcelona ilifungwa 7–0 kwa jumla ya mechi mbili. Haya yote yalifanyika huku ikijulikana tangu Januari kwamba Pep Guardiola atachukua nafasi yake.

Wembley, tarehe 25 Mei 2013, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Dortmund, Ribéry alimpenyezea Robben mpira, Robben akamwekea Mario Mandžukić: 1–0. Dortmund ikasawazisha kwa penalti. Dakika ya 89 Ribéry aliusukuma mpira kwa kisigino, Robben akapita katikati ya mabeki na kuutia kimiani taratibu.

Oktoba 2017 Bayern ilimwita tena, akiwa na miaka 72 na tayari amestaafu. Aliwapa ubingwa kwa tofauti ya pointi 21. Mechi yake ya mwisho, fainali ya Kombe la Ujerumani 2018, alifungwa 3–1 na Eintracht Frankfurt, iliyofundishwa na Niko Kovač, mrithi wake pale Bayern.