Barabara ya Kijiji Haingoji Maradhi Yaishe

  Aliye na kalamu na aichukue, maana mbele kidogo nitataja mambo ya kuandika.

Leo sitazungumza habari za mbolea wala za mbegu. Nataka tuzungumze juu ya barabara. Najua wapo watakaosema, "Huyu Bwana Shamba vipi? Barabara ni kazi ya Serikali, yeye atufundishe viazi." Lakini ndugu zangu, kiazi kisichofika sokoni ni chakula cha panya. Kwa hiyo barabara ni sehemu ya shamba lako, kama vile mtaro na ghala. Tena nataka tuzungumze juu ya barabara wakati wa maradhi makubwa ya kuenea, kwa sababu wakati huo ndipo tunapoisahau.

Nitawapa kisa nilichokiona mwenyewe. Kwenye milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, kipo kijiji nilichokuwa nikikihudumia. Watu wake hulima viazi mviringo na kufuga ng'ombe wa maziwa. Kutoka kijijini hadi barabara kubwa kuna mto mdogo, na juu yake palikuwa na daraja la magogo.

Mwezi Machi mwaka 2020 ugonjwa wa Korona, yaani UVIKO-19, ulifika nchini mwetu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi, na siku iliyofuata shule zikafungwa na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Hilo lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mgeni. Kijiji chetu kilikuwa kimepanga mkutano mkuu mwezi huo huo. Ukaahirishwa. Mwezi Aprili mvua zikanyesha kupita kiasi, mto ukafurika, daraja likaenda na maji.

Sasa sikilizeni. Tarehe 29 Juni 2020 shule zote zilifunguliwa tena, watu wakawa wanakwenda minadani, makanisani na misikitini. Lakini mkutano wa kijiji haukurudi. Mwezi Juni haukuitishwa. Septemba haukuitishwa. Kila Mwenyekiti alipouliza, wapo waliosema, "Tungoje kwanza ugonjwa uishe." Na mimi, wakulima wapenzi, nilikuwa mmoja wao. Nilisema tungoje. Nilidhani nalinda watu.

Mwisho wa mwaka, halmashauri na wahandisi wa barabara walipokuwa wakikusanya mapendekezo ya bajeti ya mwaka unaofuata, kijiji chetu hakikuwa na muhtasari wowote wa kupeleka. Kila mtu kijijini alilijua lile daraja, lakini kwenye karatasi halikuwepo. Julai 2021 mwaka mpya wa fedha ulipoanza, daraja letu halikuwemo kwenye mpango.

Hasara yake ilikuwaje? Viazi vilibebwa kichwani na kwa punda hadi ng'ambo, na wachuuzi wakakata bei kwa kuwa walijua hatuna la kufanya. Maziwa ya jioni yaliganda ndooni. Na masika ya mwaka 2021 muuguzi wa zahanati aliyekuwa akija na kisanduku cha chanjo za watoto alifika ukingoni, akautazama mto, akarudi. Mama mmoja aliyeshikwa na uchungu usiku alijifungulia ukingoni, wanaume wakiwa wamesimama majini na machela mabegani. Mwanawe yu hai, namshukuru Mungu. Lakini toka siku ile sijasema tena "tungoje".

Kijiji cha jirani nacho kilikuwa na kivuko kibovu. Wao walifanya nini? Walikutana kitongoji kwa kitongoji, chini ya miti, watu wachache wachache, wamekaa mbali mbali, na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kimefungwa mtini. Wakaandika. Kivuko chao kikaingia kwenye mpango. Ugonjwa ulikuwa mmoja kwa vijiji vyote viwili, ila wenzetu walitafuta njia ya kukutana.

Basi, tujifunze nini?

Jambo la kwanza ni kujua barabara yako ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na Wakala wa Barabara, yaani TANROADS. Barabara za wilaya na zile ndogo za kuingia vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017. Ukipeleka kilio chako pasipohusika, karatasi itazunguka mpaka masika yakukute. Mkoani ipo pia Bodi ya Barabara ya Mkoa, na mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa. Humo huzungumzwa hali ya barabara za mkoa mzima, na wabunge na wenyeviti wa halmashauri hukaa humo. Nao watasema nini juu yenu kama hamkuwaambia kitu?

Jambo la pili ni kujua wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wake hupikwa miezi mingi kabla. Kijiji kinachoanza kulalamika mwezi Mei kimekuta chungu kimeshaepuliwa. Zungumzeni mapema, mwezi Septemba au Oktoba, ili mapendekezo yapite kwa serikali ya kijiji, mkutano mkuu, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri na TARURA. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Kukutana ni haki yenu, hamwombi fadhila.

Jambo la tatu ni kuandika vizuri. Hapa ndipo nilipotaka kalamu. Andikeni haya:

Moja, barabara inatoka wapi kwenda wapi, na ni kilometa ngapi.

Mbili, mahali penye ubovu hasa, na ubovu wa namna gani. Msiseme tu "barabara ni mbaya". Semeni "kalvati la karibu na shule limeziba" au "daraja limechukuliwa na maji".

Tatu, nani anaitumia. Hesabuni kaya. Hesabuni magunia yanayotoka kila msimu na lita za maziwa kila siku. Tajeni zahanati na shule.

Nne, kijiji kitafanya nini chenyewe kwa nguvu zake.

Tano, tarehe ya mkutano uliopitisha, pamoja na sahihi za Mwenyekiti na Mtendaji.

Toeni nakala tatu: moja kwa Mtendaji wa Kata, moja ofisi ya TARURA ya wilaya, na moja ibaki kijijini. Ikifika Julai, mwulizeni diwani wenu, "Tumo au hatumo?" Kama hammo, ulizeni sababu, mwandike tena.

Huenda mtasema Serikali haina fedha, hasa wakati wa maradhi. Ni kweli fedha huwa chache. Lakini tukumbuke yaliyotokea. Katika bajeti iliyoanza Julai 2021, ugonjwa ukiwa bado upo, tozo ya shilingi 100 iliongezwa kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Na Oktoba mwaka huo huo ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO-19, ambao ulijenga madarasa 15,000, pamoja na kazi za maji na afya. Fedha za namna hiyo huja ghafla na hutakiwa kutumika upesi. Anayefaidika ni yule ambaye karatasi yake iko tayari mezani.

Jambo la nne ni kukutana bila kuambukizana. Ugonjwa ukizuka, wasikilizeni kwanza wataalam wa afya wa wilaya na mkoa. Wakisema msikusanyike, msikusanyike. Mwenyekiti na wajumbe wapite mashambani wakiulizana na watu hapo hapo. Wakiruhusu, kila kitongoji kizungumze peke yake, nje, penye hewa. Kisha mkutano mkuu uwe mfupi, wa kupitisha tu yaliyokwisha kuzungumzwa. Maji na sabuni yawepo. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, atume maneno yake kwa jirani. Haya siyo mambo ya zamani: ugonjwa wa Marburg ulizuka mkoani Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Kipindupindu nacho hubisha hodi mara kwa mara. Na kila ugonjwa huhitaji barabara, ili dawa iingie na mgonjwa atoke.

Jambo la tano ni kazi ya mikono yetu. Adui wa barabara ya udongo ni maji, wala siyo magari. Barabara iwe na mgongo: ikiwa na upana wa mita 5, katikati pawe juu kuliko kingo kwa kiasi cha sentimita 15, ili maji yaende pembeni. Mitaro izibuliwe kabla ya mvua, na makalvati pia. Mahali pa mteremko, toeni mifereji ya kumwagia maji pembeni kila baada ya mita 20 hivi, yapate kutoka kabla hayajapata nguvu. Mwagieni penye majani, siyo kwenye shamba la mtu. Msilime mpaka kwenye mtaro, wala msipitishe ng'ombe ndani yake. Kabla ya kuchimba, mwoneni mhandisi wa TARURA awaelekeze. Na wakati wa maradhi, gaweni kazi kwa vitongoji, kila mmoja aje na jembe lake.

La mwisho ni la shambani, nisije nikaambiwa nimesahau kazi yangu. Barabara ikikatika wakati viazi vimekomaa, usivichimbe vyote kwa pupa. Kata mashina, ngoja wiki mbili au tatu ganda likomae, ndipo uchimbe siku ya jua. Vile vilivyooza au kukatwa na jembe vitenge. Vingine viweke penye giza, ubaridi na hewa. Kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani, nacho ni sumu, kisiliwe. Ukifanya hivyo utapata wiki kadhaa za kungojea gari, na mchuuzi hatakushika shingo.

Wakulima wapenzi, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta. Daraja letu liliingia kwenye mpango baadaye, baada ya vitongoji vyote kukutana na kuandika, lakini misimu miwili ilikuwa imekwenda na mto. Kesho asubuhi mwulize Mtendaji wako: mkutano wa kijiji ni lini, na barabara yetu imeandikwa wapi?