Mlango Tusioufunga

Mazungumzo ya asubuhi redioni

Asubuhi hii tungependa kuzungumza juu ya mlango mmoja ulio katika nyumba zetu, usio na komeo wala kufuli. Mlango huo ni tundu la bafuni.

Kila usiku kabla ya kulala twafunga mlango wa mbele. Twatia komeo, twatia kufuli, hata madirisha tumeyawekea vyuma. Lakini kule nyuma uani, mahali tunapooga, kuna tundu la kutolea maji, nalo li wazi usiku kucha. Mwizi hawezi kupita hapo. Nyoka aweza.

Tutawasimulieni habari yetu wenyewe, ijapokuwa si ya kujisifia. Tulipokuwa tukikaa Kisauni tulipanga katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na choo na bafu vya wote uani. Maji ya kuogea yalipita katika bomba fupi mpaka kwenye karo. Mfuniko wa karo ulikuwa umevunjika pembe, na wavu wa tundu la bafu ulikuwa umeliwa na kutu. Jirani yetu mmoja, mama mjane aliyekuwa akiuza mahamri, alitujia akasema, "Baba, tuchangeni kidogo tununue saruji na wavu. Mende wamezidi, na panya nao." Tukamjibu, "Mama, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Tungoje mwisho wa mwezi tumwambie." Mwisho wa mwezi ukaja, ukapita. Ukaja wa pili, nao ukapita.

Usiku mmoja, baada ya mvua kubwa, mwanawe wa miaka tisa alikwenda kuoga. Bafuni hamkuwa na taa. Alipoinama kuchota maji kwa kopo, kitu kiliinuka penye lile tundu, kikamtemea machoni. Alikuwa swila. Sisi tulisikia ukelele tu. Tunamshukuru Mungu kwamba ndoo ya maji ilikuwa pale pale. Mama yake alimwosha macho kwa maji mengi bila kukoma, kisha tukamkimbiza hospitali. Baada ya siku kadhaa mtoto aliona tena vizuri. Lakini sisi hatukuweza kumtazama mama yule usoni. Wavu aliotuomba ulikuwa wa bei ndogo kuliko nauli ya teksi ya usiku ule.

Tangu siku ile tumejiuliza, nyoka hutafuta nini bafuni? Hatutafuti sisi. Mabaki ya chakula katika maji machafu huwaita mende. Mende na takataka huwaita mijusi, vyura na panya. Na panya ndiye amwitaye nyoka. Mvua ikijaza mashimo yao, wote hutafuta mahali pakavu, na bomba letu huwa barabara yao. Wako wanaotegemea yale maji yanayotuama katika bomba lililopinda chini ya bafu. Ni kweli, maji hayo huzuia harufu na wadudu wengi. Lakini nyoka ajua kuogelea. Tena bafu lisipotumiwa kwa majuma kadhaa, maji yale hukauka, na hata mende hupita bila taabu.

Huku ng'ambo ya kisiwa, nyumba nyingi bado zategemea karo na vyoo vya shimo. Kwa hiyo mwisho wa bomba letu hauko mbali. Uko hapo hapo uani, karibu na mlango wa jirani.

Si kila nyoka ana sumu ya kuua. Yuko yule mdogo wa kahawia apendaye kukaa karibu na watu, ambaye kazi yake ni kula panya na mijusi. Lakini pwani yetu ina bafe, na ina swila. Mwaka 2007 wataalamu walimtambua swila mkubwa wa pwani kuwa aina ya peke yake, kwa kuwachunguza nyoka wa Watamu. Wakampa jina la marehemu James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka huko. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, liliyaweka madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka duniani. Wengi wao ni maskini wa mashambani.

Wala si nyoka peke yake. Mbu waenezao matende huzaliana katika karo na vyoo vya shimo. Huko Makunduchi, kisiwani Unguja, mwaka 1988 mashimo ya vyoo yalitiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, zikafunika maji hata mbu wakakosa mahali pa kuzalia. Watu nao wakapewa dawa. Mbu wakapungua sana, na ugonjwa ukapungua. Angalieni jambo hili: isingefaa kutia chembe katika shimo la nyumba moja na kuliacha la nyumba ya pili, maana mbu hajui mpaka wa ua. Kadhalika panya, kadhalika nyoka.

Nabii Amosi alitaja mtu aliyemkimbia simba, akakutana na dubu, kisha akafika nyumbani kwake, akaegemeza mkono ukutani, akaumwa na nyoka. Mtu huyo alijihadhari njiani kote. Alipofika kwake alidhani hatari imekwisha. Nasi ndivyo tulivyo. Twaogopa mabaya makubwa ya mbali, twapuuza tundu dogo lililo chini ya miguu yetu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: ufa wa bafu la wote ni wa wote. Kusema "si kazi yangu" ndilo tundu kubwa kuliko yote.

Basi, wapenzi, leo kabla ya jua kuchwa nendeni mkatazame. Wekeni wavu imara wenye matundu madogo kwenye kila tundu la maji, ndani na nje. Zibeni nyufa za karo, mfunike vizuri. Bafu lisilotumika, mimineni maji kila juma. Takataka msizilaze uani. Usiku mulikeni kabla ya kukanyaga, na mwonapo nyoka rudini nyuma, mwite mtu ajuaye kazi hiyo.

Na mtu akiumwa, msimchanje, msinyonye jeraha, wala msimfunge kamba ya kukaza. Mvueni pete na bangili, mlazeni atulie, kiungo kisitikiswe, mpelekeni hospitali upesi. Akitemewa machoni, mwosheni kwa maji safi mengi muda wa robo saa au zaidi, kisha hospitali.

Mama yule tulimwomba radhi, akatusamehe kwa maneno machache. Alisema, "Baba, tuzibe." Tukaziba pamoja siku ile ile, na mwenye nyumba alipokuja alikuta kazi imekwisha. Huenda nawe, msikilizaji, yuko jirani aliyekwisha kukujia mara moja au mbili juu ya tundu kama hilo. Usingoje mwisho wa mwezi. Mgongee mlango leo.

Mungu azilinde nyumba zetu, na atupe moyo wa kulindana. Kwaherini.