Mtunza Ghala wa Askari Wanyamapori



Chuo cha Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1966, hufunza askari wanyamapori. Kila askari aendaye porini humtegemea mtunza ghala, ambaye aghalabu hatajwi mpaka kitu kipotee. Mtumishi huyo hupokea viatu, mahema, betri na risasi, huvihesabu mbele ya anayekabidhi, na kuviandika katika leja siku hiyo hiyo. Zikitolewa risasi 30 na kurejeshwa 22, hizo 8 pungufu hazina budi kuelezwa kwa maandishi kabla ghala halijafungwa. Askari aliyechoshwa na doria ataudhika; na asubiri. Huruma ya jioni moja yaweza kuifikisha risasi ya Serikali kwa jangili. Funguo zikikabidhiwa kwa mwingine, hesabu huanza upya, hata baina ya marafiki.