Usiwashe kile ulichofukua

Maneno ya fundi wa chama chetu mbele ya wanachama waliorudi Rurambo, yaliyosemwa kisha michango kuhesabiwa. Tumeyaandika karibu jinsi alivyoyasema.

Mwenyekiti amenipa nusu saa, na ninaona wengi mnaangalia mawingu, basi sitakawia.

Tangu watu walipoanza kupanda kutoka Uvira na Bwegera, na wengine kutoka Burundi, kila juma ninaletewa vitu vilivyotoka udongoni. Redio, telefone, plake za jua, betri, taa. Vilifika huko namna gani, sina haja ya kuwaambia. Usiku wa kukimbia mtu anabeba mtoto na sufuria. Plake haibebeki. Anafunga vitu vyake katika sashe mbili, tatu, anavitia katika bidoni iliyokatwa, anafukia nyuma ya nyumba au katikati ya migomba. Wengine mlifukia vizuri sana. Nimeona redio iliyokaa chini miaka miwili, na nje yake ni safi kama siku ilinunuliwa.

Redio ile udongo haukuiua. Iliuawa na mwenyewe, tena kwa furaha. Aliifukua asubuhi, akaipangusa, akatia mawe mapya, akawasha. Ilisema krr, halafu ikaja harufu. Ndipo akaniletea.

Basi neno langu la leo ni hilo moja: kitu ulichofukua usikiwashe. Usijaribu hata kidogo, hata kama watoto wanakuzunguka wanataka kusikia muziki.

Sababu ni hii. Watu wanasema maji ndiyo yanaua telefone. Maji peke yake ni mwizi wa polepole. Ndani ya telefone kuna njia za shaba nyembamba, zimekaribiana sana. Umande ukikaa kati ya njia mbili na hakuna umeme, kutu inatembea polepole, kwa majuma na miezi. Ukitia betri, umeme unapita ndani ya ule umande, unang'oa shaba upande huu na kuipeleka upande ule, na kazi ya miezi inafanyika kwa dakika. Ule unga wa kijani mnaouona tukifungua, ndiyo shaba yenu hiyo.

Hilo nililiona kwa macho kule Uvira, mto Mulongwe ulipovunja kingo katikati ya Aprili 2020. Nyinyi mliokuwa kule hamjasahau usiku ule. Siku zilizofuata meza yangu ilijaa telefone zenye matope. Kulikuwa na mama mmoja aliyetoa betri usiku uleule, akafunga telefone katika kitenge, akaniletea kisha siku tano. Ilipona. Kulikuwa na kijana mwenye telefone ya bei, aliyeiwasha kila asubuhi "kuona kama imekauka." Ile haikupona, na kijana akasema mimi ndiye niliyeiharibu. Ziwa lilipopanda tena mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za watu, mambo yalikuwa yaleyale: aliyezima na kungoja alipata kitu, aliyejaribu-jaribu alipoteza.

Sasa mtaniuliza: sashe yangu haikutoboka, umande umetoka wapi? Swali zuri. Umetoka ndani ya sashe yenyewe. Hewa yenye joto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Kwenye joto la digrii 30, sanduku la mita moja kila upande linaweza kushika karibu gramu 30 za maji yasiyoonekana. Likipoa mpaka digrii 15, linabaki na nguvu ya kushika gramu 13 tu. Zile nyingine zitakwenda wapi? Zinakaa juu ya chuma, kama jasho kwenye chupa ya bia baridi kule Kavimvira. Kwa hiyo ukifunga redio mchana wa joto na unyevu, halafu usiku wa mlima ukaja, umeifungia mvua ndani. Sashe inazuia maji ya nje yasiingie, na inazuia ya ndani yasitoke.

Ndiyo maana huku juu vitu vinakufa haraka kuliko kule tambarare ya Ruzizi, ingawa watu wa chini wanasema joto ndilo baya. Huku asubuhi ni ukungu, mchana jua, jioni mvua, usiku baridi. Kila siku kitu kinatoka jasho na kukauka, kinatoka jasho na kukauka. Hata wazungu walipata shida hiyo: wakati wa vita ya pili ya dunia, majeshi ya Marekani yalikuta redio zao zinaota ukungu ndani katika misitu ya joto, wakaanza kuzipaka vanishi kwenye vyuma na nyaya za ndani.

Tufike kwenye kazi. Umefukua bidoni lako. Usilifungue palepale shimoni. Kitu kilichotoka chini ni baridi, na ukikifungua juani kitatoka jasho mbele ya macho yako. Kipeleke nyumbani kikiwa kimefungwa, kikae saa chache kipate joto la nyumba. Halafu fungua. Toa betri, toa mawe, toa kadi ya telefone. Kama unajua kufungua skrubu, fungua. Kama hujui, niletee hivyohivyo, lakini bila betri. Kiweke kivulini penye upepo, siku tatu kama ni kiangazi. Wakati wa mvua siku tatu hazitoshi.

Wengi mnakimbilia moto. Nawaomba, si juu ya mafiga. Moshi unabeba lami na asidi, unapaka ndani kitu cheusi kinachovuta unyevu, na plastiki inajikunja. Kama huna njia nyingine, kiweke mbali, pale ambapo mkono wako unaweza kukaa muda mrefu bila kusema "ai."

Mchele? Nimeulizwa mara mia. Mchele ni wa kula. Hata Apple, wale wanaotengeneza iPhone, mwaka 2024 waliwaandikia wateja wao wasitie telefone katika mchele, kwa sababu vumbi lake linaingia ndani. Chumvi ndiyo mbaya kabisa. Kuna ndugu yetu aliweka taa yake katika chumvi akisema chumvi inavuta maji. Ni kweli inavuta, halafu inayeyuka na kula chuma. Nilipofungua taa ile nilidhani imetoka baharini.

Tulicho nacho sisi ni makala ya kupikia. Vunja makala vipande vidogo, vikaushe juu ya bati la moto mpaka viwe vikavu kabisa, acha vipoe katika chombo kilichofungwa, funga katika kitambaa ili vumbi lisitoke. Tia hicho kitambaa pamoja na telefone ndani ya bidoni lenye mfuniko unaokaza. Kila siku mbili kausha tena. Haina nguvu kama vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, na hivyo pia msivitupe, vikikaushwa polepole vinarudi kazi. Lakini makala kila nyumba inayo.

Mawe ya redio yana shida yake. Yanatapika. Yale yanayoandikwa alkaline yanatoa unga mweupe. Sugua na ndimu kidogo kwa burashi ya meno ya zamani, pangusa, halafu maliza na alkoli ya duka la dawa. Vijana wananiuliza juu ya kanyanga. Kanyanga ina maji mengi ndani, na nyinyi hamtaifikisha mpaka kwenye redio. La maana zaidi: redio usiyoisikiliza juma zima, toa mawe.

Betri kubwa za maji, nitasema kweli hata kama inauma. Betri iliyokaa udongoni mwaka mzima bila kupata moto wa jua, nyingi zimekufa, na fundi anayekuambia ataifufua anataka pesa yako. Msiivunje nyumbani kuyeyusha risasi. Ile risasi ni sumu kwa watoto. Tutazikusanya pamoja zishuke Uvira. Kwa betri nzima, ule unga unaoota kwenye vichwa vyake uoshe kwa maji ya moto yenye soda ya mandazi, kausha, kaza waya, paka vazlini au grisi. Msipake siagi ya ng'ombe. Inachacha, inakuwa asidi, tena panya watakula waya. Nimeliona hilo, msicheke.

Plake zenyewe ni ngumu. Kioo kinavumilia. Angalia kile kiboksi cha nyuma na pale waya zinapoungana. Waya iliyosokotwa kwa mkono na kufungwa sashe inaoza ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Sasa nitasema jambo ambalo mwenyekiti hakuniomba. Telefone ya chama, ile tunayoitia wabebaji wa kipoyi mgonjwa akizidiwa usiku, ilikuwa mikononi mwangu. Mimi, fundi. Niliiweka katika sashe, nikaitundika ukutani jikoni, nikiona nimeilinda. Kila jioni niliichaji, na alama ya kuchaji ilionekana. Usiku ule yule mama wa kilima cha juu aliposhikwa na uchungu, niliitoa, ikawaka, nikapiga namba ya kwanza, ikazima. Kwenye meno ya kuchaji kulikuwa na kijani. Umeme ulikuwa unaingia kidogo tu, wa kuonyesha alama na si zaidi. Vijana walikwenda kuwaita wabebaji kwa miguu, kilima kwa kilima, kwenye matope. Tulifika kituo cha afya jua limetoka. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Baba wa mtoto yupo hapa leo, na tulishaongea mimi na yeye. Ninalisema ili mtu asifikiri ninawafundisha kutunza vitu vya kusikilizia muziki.

Telefone mpya ya kipoyi haiko jikoni tena. Iko katika bidoni lenye makala, chumbani kwa katibu, na kila Jumatano mtu anapiga namba yake na kuongea kwa dakika nzima, kwa sababu telefone inayoonyesha alama haijasema kama itaongea. Naomba kila kilima kifanye hivyo kwa telefone yake moja, na mfuko wa chama ulipe dakika hizo.

Kisha mkutano nitakaa pale chini ya mti karibu na kanisa. Nina bisibisi, alkoli chupa moja, na makala nimeshakausha. Aliye na kitu cha udongoni akilete kama kilivyo, na betri mkononi, si ndani yake. Bwana pale nyuma, ninakuona umeshika redio. Ile betri, itoe sasa hivi.