Shahidi Anayechekesha: Waigizaji Wasaidizi katika Filamu za Upelelezi



Nimeombwa nizungumze juu ya filamu za upelelezi za kuchekesha, nami nimekubali kwa furaha, kwa kuwa ni filamu zinazopendwa sana na kuchambuliwa kidogo. Nitakayoyasema yanawahusu zaidi watu ambao majina yao hupita mbio mwishoni, wakati watazamaji wameshainuka: zamu wa langoni, mpishi, mchuuzi, mwizi wa mifukoni, jirani asiyepitwa na neno. Ninaamini kwamba hao ndio wanaozibeba filamu hizi. Kabla hatujawaonea huruma kwa kusahauliwa, tuutazame ufundi wao.

Filamu yoyote ya upelelezi ina deni kwa mtazamaji. Dalili zote ziwekwe mbele ya macho yake, na bado zimpite, ili siri inapofichuka aseme, "Kumbe niliambiwa!" Ugumu uko katika kuzificha. Katika filamu nzito dalili hufichwa gizani, kwenye mvua, kwenye barua iliyochanika nusu. Katika filamu ya kuchekesha hufichwa ndani ya kicheko. Chukueni zamu wa nyumba moja hapa hapa mtaani kwetu Carama, Bujumbura. Anamlalamikia mpelelezi kwamba bosi alimwamsha saa nane za usiku amfungulie lango, na hata hela ya chai hakumwachia. Anaiga sauti ya bosi, anaiga na mwendo wake wa kupepesuka, sisi tunashika mbavu. Kicheko kikiisha, tumeshasahau kwamba tumeambiwa jambo kubwa: bosi anayedai alilala Gitega usiku ule alikuwa Carama.

Tazameni basi mzigo aliotwikwa mwigizaji huyo mwenye dakika mbili tu za kuonekana. Sentensi yake lazima ichekeshe leo na iwe ushahidi baadaye. Akiisisitiza mno, mtazamaji anashtuka na siri imevuja. Akiipuuza mno, haikumbukwi, na mwisho wa filamu unaonekana umeanguka kutoka mbinguni. Mhusika mkuu ana saa nzima ya kurekebisha alipokosea. Msaidizi hana nafasi hiyo. Kwa maoni yangu hakuna kazi ngumu kuliko hii katika uigizaji wa kuchekesha.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni The Pink Panther ya Blake Edwards, ya mwaka 1963. Nyota aliyetangazwa kwanza ni David Niven, mwizi mstaarabu wa vito. Inspekta Clouseau alikuwa wa pembeni, na nafasi hiyo ilikuwa ya Peter Ustinov. Alipojitoa akaitwa Peter Sellers, naye akaichukua filamu nzima. Mwaka uliofuata, katika A Shot in the Dark, Clouseau akapandishwa kuwa mhusika mkuu. Hapo ikaonekana kwamba mpelelezi mjinga hawezi kusimama peke yake. Akaletwa Herbert Lom, mzaliwa wa Prague, awe mkuu wake Dreyfus, na Burt Kwouk awe mtumishi Cato, ambaye kazi yake ni kumvamia bwana wake ghafla humo humo nyumbani ili asizoee kulegea. Mtazameni Lom kwa makini. Haombi kuchekwa hata mara moja. Anaigiza mtu mwenye akili timamu anayeona upumbavu ukipewa nishani, mpaka jicho linaanza kumcheza lenyewe. Sellers alifariki mwaka 1980. Watayarishaji wakamjaribu Ted Wass mwaka 1983, kisha Roberto Benigni mwaka 1993. Katika filamu zote mbili Lom na Kwouk wamo.

Lakini watazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wameshamjua shahidi anayechekesha kabla ya Clouseau. Filamu za Kihindi zilikuwa zikijaza majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka 1956 ilitoka C.I.D., iliyoongozwa na Raj Khosla na kutayarishwa na Guru Dutt. Inspekta ni Dev Anand, mtanashati, nywele zimetulia. Mhariri wa gazeti ameuawa, na shahidi ni mwizi wa mifukoni aitwaye Master, aliyeigizwa na Johnny Walker. Huyu Walker jina lake la kuzaliwa lilikuwa Badruddin Jamaluddin Kazi, na kabla ya sinema alikuwa kondakta wa basi Bombay. Ukilijua hilo, unauelewa uigizaji wake. Mwizi wa mifukoni na kondakta husoma kitu kimoja: mikono ya watu katika msongamano. Dev Anand anaujua mji kwa ramani ya polisi; Walker anaujua kwa viwiko. Ndiyo maana wimbo wa filamu ile unaousimulia mji wa Bombay na taabu zake aliimba yeye mbele ya kamera, kwa sauti ya Mohammed Rafi, na si inspekta.

Waandishi wetu wa riwaya nao walitambua mapema kwamba mpelelezi anahitaji mtu wa pembeni. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alipomtoa mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, hakumwacha na kiko chake peke yake. Alimpa Najum wa kumuuliza na kumshangaa, kwa sababu akili ya mpelelezi haionekani mpaka awepo wa kuipimia.

Kenya ilifanya jambo la kijasiri zaidi, nalo halijapewa heshima inayostahili. Vioja Mahakamani, kipindi cha miaka mingi cha KBC, kiliwaweka watu wa sheria pembeni na watuhumiwa katikati. Lucy Wangui, kiongozi wa mashtaka, anauliza kwa uso mkavu. Kizimbani yuko Ondiek Nyuka wa Kwota, au Makokha, au Masanduku arap Simiti, kila mmoja na Kiswahili cha kwao. Upelelezi wote unafanyika pale pale, kwa maswali. Mshtakiwa anajitetea kwa maelezo marefu ya mbuzi, shemeji na mvua ya juzi, na kadiri anavyoyarefusha ndivyo anavyojifunga. Bila uso mkavu wa Lucy Wangui vichekesho vile vingekuwa kelele. Baadaye Davis Mwabili alikipa cheo cha inspekta sura ya mchekeshaji katika Inspekta Mwala ya Citizen TV. Kituo hicho hicho kikamfanya mlinzi kuwa mhusika mkuu kamili, Papa Shirandula wa marehemu Charles Bukeko, mtu anayelinda lango la kampuni huku nyumbani mkewe akidhani ana ofisi. Hapo shahidi mwenyewe ana siri ya kulinda, na kila jirani amekuwa mpelelezi.

Sasa twende Kampala, penye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? Jina lake ni swali la upelelezi, na filamu inaisha bila kulijibu. Ilitengenezwa kwa fedha ambazo hazifiki bei ya baiskeli nzuri. Waigizaji walikuwa vijana wa mtaani waliojitolea, na DVD zilipotoka waliziuza wao wenyewe mlango kwa mlango na kugawana mapato na mtayarishaji. Juu ya picha inasikika sauti ya msimulizi, VJ Emmie, akitania, akiwasifu waigizaji, akimwonya mtazamaji kwamba vita vinakuja. Nakala halisi ilipotea, kwa kuwa kompyuta ilibidi isafishwe ili filamu nyingine ipate nafasi. Iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ. Mtu ambaye hakuwamo katika hadithi ndiye leo asiyeweza kutengwa nayo.

Sisi wa Bujumbura hatushangai. Tumekua na filamu za kusimuliwa, agasobanuye kama wanavyosema jirani zetu wa Rwanda, na tunajua kwamba msimulizi hodari anaweza kumgeuza askari wa pembeni akawa mtu mwenye mke, madeni na njaa. Wapo wanaoona ni kuharibu kazi ya wengine. Mimi naona msimulizi anafanya kile ambacho mwandishi wa filamu alizembea kukifanya: anampa msaidizi maisha.

Na Burundi yetu? Filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya nchi hii ilikuwa ya kuchekesha: Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992. Joseph Kumbela ni Gito, anayerudi kutoka Paris na shahada yake akisubiri kuitwa awe waziri. Polisi hawana kazi kubwa humo, lakini upelelezi upo, na wanaoufanya ni wanawake wawili aliodhani hawatakutana: Christine, aliyeigizwa na Marie Bunel, na Flora, aliyeigizwa na Aoua Sangaré wa Mali, ambaye watazamaji walikuwa wamemwona katika Yeelen ya Souleymane Cissé. Siku wanapokaa pamoja na kulinganisha waliyoambiwa, kesi ya Gito imekwisha. Redioni pia tulifundishwa kumsikiliza jirani. Kuanzia mwaka 1997, Marie-Louise Sibazuri aliandika Umubanyi niwe muryango kwa ajili ya Studio Ijambo, vipindi zaidi ya 800 vya familia mbili, Wahutu na Watutsi, zinazoishi pua kwa pua. Mambo mazito ya nchi yalipita katika vinywa vya watu wa kawaida wanaoazimana chumvi na kugombana juu ya mambo madogo.

Kwa hiyo vijana wanaonijia na miswada ya filamu za upelelezi, wenye ndoto ya kuonyeshwa katika FESTICAB, tamasha alilolianzisha Ngabo mwaka 2009, huwa nawarudisha nyuma kidogo. Miswada mingi inaanza na mpelelezi mwenye koti refu, katika mji huu wa joto. Nawaomba waanze na zamu, mama muuza ndagala, na kijana anayejaza simu salio pale kona. Kila mmoja aandikiwe alichokiona, asichotaka kukisema, na kinachomfanya acheke. Mpelelezi aje mwisho, na maswali yake yatajulikana yenyewe.

Kisha kuna suala la malipo, ambalo siwezi kuliruka. King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyechekesha Afrika Mashariki yote mpaka alipofariki mwezi Agosti 2018, aliishia kuwa mgonjwa huku mikataba ya kazi zake za matangazo ikijadiliwa mpaka wizarani. Ikiwa mtu mwenye jina kama lile ilibidi serikali iingilie kati, mwenye sentensi mbili atasimama wapi? Mkataba wake uandikwe kwa lugha anayoisoma, Kirundi au Kiswahili. Utaje jina litakavyoandikwa kwenye orodha ya mwisho, siku alizoitwa hata kama kamera haikumfikia, na fungu lake filamu ikiuzwa tena kwa televisheni au mtandaoni. Asaini kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, na nakala moja abaki nayo yeye.