Sikio la Koli Kabla ya Siku ya Maonyesho



Wengi wetu wafugaji wa mbwa tumefuga German shepherd, na sikio la mtoto wake likisimama wima nyumba nzima hufurahi. Kwa mbwa aina ya koli (collie), sikio lililosimama hadi nchani ni kasoro. Kiwango cha maonyesho cha Marekani kinataka kwamba koli anapotega masikio, robo tatu ya sikio isimame na robo ya juu ikunjike kwa mbele. Waingereza wanataka theluthi mbili zisimame na theluthi ya juu iangukie mbele yenyewe. Koli akitulia, hulikunja sikio kwa urefu na kulilaza nyuma kwenye manyoya ya shingo. Majaji hawalionei sikio bure. Ule uso mpole na mwerevu, uliozoeleka duniani kwa filamu ya Lassie Come Home ya mwaka 1943 (aliyeigiza alikuwa dume, Pal), hupotea sikio likichongoka au likining'inia.

Kipindi cha kusumbua ni cha kung'oka meno ya utoto, takriban mwezi wa nne hadi wa saba. Wiki hii sikio limekunjika vizuri, wiki ijayo moja limepaa na jingine limelala. Tazameni kwanza. Wapo wanaokimbilia kumlisha kalsiamu eti gegedu likaze; chakula kamili cha watoto wa mbwa kinatosha, na kalsiamu ya ziada huweza kuharibu mifupa inayokua.

Sikio likizidi kupaa, ndipo tunashika plasta. Futa mafuta ya ngozi kwa pamba yenye spiriti kidogo, upande wa ndani wa ncha tu, wala usiingie kwenye tundu la sikio. Subiri ikauke kabisa. Kunja ncha pale inapotakiwa kukunjika, kisha ishikize kwa plasta laini ya kitambaa au kwa gundi ya ngozi, ile wanayotumia wagonjwa wenye mfuko wa choo tumboni. Gundi ya viatu na ya mbao, hapana. Masikio yakitanuka pembeni, kipande cha plasta hupitishwa juu ya utosi kuyaunganisha, bila kuyavuta. Ndugu zake wa uzao mmoja wataitafuna plasta hiyo kwa furaha, kwa hiyo mtenge wasipoangaliwa.

Kagua kila siku. Harufu, wekundu, kujikuna au kutikisa kichwa maana yake plasta itoke leo: ilainishe kwa mafuta ya watoto, ngoja, iachie taratibu. Ukiing'oa kavu utaondoka na manyoya na ngozi. Kisha lipumzishe sikio kabla ya kufunga tena.

Hapa niseme kwa ukali kidogo. Mbwa akijikuna sikio, mtu husema ni utitiri na kumdunga ivermectin ya ng'ombe. Koli wengi wamerithi hitilafu ya jeni iitwayo MDR1, ambayo huiachia dawa hiyo ipenye hadi ubongoni. Kipimo cha kubahatisha kinaweza kumuua. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na mumwambie wazi kwamba huyu ni koli.

Plasta humsaidia mbwa ambaye sikio lake liko karibu na sawa. Sikio kubwa na zito mara nyingi halinyanyuki ipasavyo hata ufunge mwaka mzima. Tena watoto hurithi sikio alilozaliwa nalo baba, si lile lililotengenezwa kwa gundi. Kwa maoni yangu, mfugaji anayeuza dume la mbegu bila kutaja kwamba masikio yalifungwa anamdanganya mnunuzi. Ulingoni pia, kanuni za Marekani humwondoa mbwa aliyebadilishwa sura kwa njia za bandia, basi asiingie na plasta wala mabaki ya gundi.

Linalosahaulika zaidi ni kumfundisha kuyatumia masikio yenyewe. Koli mwenye hofu huyalaza nyuma, na jaji hataona kitu. Mzoesheni mapema makofi, vipaza sauti, na mikono ya wageni kichwani. Simama mbele yake na kipande cha ini kilichokaushwa, toa mlio mdogo asioutarajia, na mara tu anapotega masikio mpe. Fanya mara chache, kwa milio tofauti, na uache angali anataka zaidi. Mlio mmoja ukirudiwa kutwa, siku ya maonyesho atakutazama tu.