Landi Zikibomolewa, Nani Atalala Katika Ghorofa?
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Wiki hizi mmewaona wapimaji wakipita katikati ya landi zetu na vyombo vyao, na kila mtu ana habari yake. Huyu asema tutafukuzwa, yule asema kila mmoja atapewa vyumba vitatu bure. Sisi wa kamati hatukuja kuongeza uvumi. Tumekuja kusema yale yaliyokwisha kutokea mahali pengine hapa Nairobi, maana yameandikwa na yanajulikana.

Kwanza, hatupingi ghorofa. Chumba kimoja chenye watu sita, pazia likigawa wazazi na watoto, bomba moja kwa mlango mingi, hicho si kitu cha kulilia. Kiwanja kikubwa karibu na mji chaweza kubeba watu wengi zaidi kikijengwa kwenda juu. Swali letu ni moja: jengo likiisha, ni nani atakayelala humo?

Tazameni Muthurwa. Wote tunaijua, ni landi ya Reli ya tangu ukoloni. Mwaka 2006 kiwanja kile kilitiwa katika mfuko wa malipo ya uzeeni ya wafanya kazi wa Reli, ili zipatikane fedha za kuwalipa wastaafu. Julai 2010 wapangaji waliambiwa wahame kwa muda wa siku 90, na ubomoaji ukaanza. Wapangaji 12 wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilivunjwa, kwa kuwa Katiba ya 2010, ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Lakini sikieni vizuri, kwa sababu wengi husimulia nusu tu ya habari hii: Jaji hakusema mpangaji akae milele. Alisema kuhamishwa kuwe na utaratibu unaomjali mtu.

Na upande wa pili wa kesi ile walikuwa nani? Ni mfuko wa wazee wetu! Mzee aliyefanya kazi miaka 30, au aliyeshika bendera usiku wa mvua, angojea pensheni yake, na pensheni hiyo imo ndani ya ardhi. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kuliko wanavyodhani vijana wanaotaka tupige kelele tu. Mfanya kazi amewekwa avutane kamba na mfanya kazi mwenzake. Chama hakiwezi kumtetea mpangaji kwa kumnyima mstaafu, wala kumlipa mstaafu kwa kumlaza mjane barabarani. Lazima hesabu ya kiwanja iwekwe wazi mbele ya wote wawili.

Tena sisi si waombaji. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mfanya kazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Mwenye shilingi 30,000 hukatwa 450 kila mwezi, yaani 5,400 kwa mwaka, apate nyumba asipate. Na sheria hiyo yagawa watu kwa mapato. Nyumba za kijamii ni za wenye mapato yaliyo chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kutoka hapo hadi 149,000 ni daraja jingine. Basi mfagiaji wetu na karani wetu, ingawa wamekaa ukuta kwa ukuta miaka 15, hawamo katika fungu moja. Mkisikia mtu akisema "nyumba za bei nafuu", mwulizeni ni za daraja lipi, na ni ngapi za kila daraja.

Kuhusu kuhamishwa kwa muda, Kibera yatufundisha. Septemba 2009 watu wa Soweto Mashariki walipelekwa Lang'ata, katika nyumba 600, ili kwao kujengwe. Kulikuwa na kesi ya wenye vibanda, kazi ikasimama, na nyumba 822 zilikabidhiwa Julai 2016. Karibu miaka saba! Mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza alirudi amemaliza la saba. Huko Lang'ata familia zilishiriki jiko moja na choo kimoja.

Halafu kuna maisha ya ghorofa yenyewe. Lifti hula umeme, na maji hayapandi juu ila kwa pampu. Mlinzi, taka, taa za ngazi, yote hulipwa kila mwezi mbali na kodi. Mama auzaye sukuma wiki mlangoni, atauza wapi akiwa ghorofa ya nane? Mambo haya hayamo katika picha nzuri zinazobandikwa.

Kwa hiyo tunataka maandishi. Sheria ya ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, yataka hata mtu aliyeingia katika ardhi ya mwingine bila ruhusa apewe ilani ya maandishi ya miezi isiyopungua mitatu. Je, mpangaji mwenye risiti apewe neno la mdomo? Tunataka orodha ya wapangaji ifungwe kabla tingatinga halijafika, ili majina ya wageni yasiingizwe usiku. Tunataka kila aliye katika orodha awe wa kwanza kupewa nyumba, kwa kodi aiwezayo.

Kuanzia kesho jioni katibu atakaa ofisini kuandika majina, landi kwa landi. Leteni risiti za kodi, hata zilizochakaa, na kitambulisho. Wajane walete barua ya kazi ya marehemu. Asiye na risiti aje na jirani wawili wanaomjua. Msiweke sahihi katika karatasi yo yote ya kuhama kabla katibu hajaisoma.